Choya ya Mwenyekiti

Cheo chake hakuna aliyempa. Nilipofika Jeddah nilimkuta tayari ni Mwenyekiti, na kila niliyemuuliza uchaguzi ulifanyika lini alinitazama kama nimeuliza bahari ilichimbwa na nani. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa Waswahili wa mji ule, umoja usio na katiba, ofisi wala katibu. Makatibu wote alishawafukuza kwa utovu wa nidhamu. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sizijui vizuri, na hapa sizigusi. Inatosha kusema alitoka Pemba akiwa kijana, na ukimwita Mzanzibari alikurekebisha mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa hotuba.

Alipenda utulivu. Hata mkiwa wawili tu, yeye na wewe, na wewe umejaza sambusa mdomoni, alianza na "Naomba utulivu." Kisha alikushukuru kwa kuitikia mwito, akakusomea ajenda kichwani mwake, akazungumza mpaka chai ikapoa. Umbea aliukataza kabisa vikaoni. Lakini ajenda ya kwanza ilikuwa "hali za wenzetu", na humo ndimo tulimojua nani kagombana na kafili wake, yaani tajiri anayemdhamini nchini, nani kaoa tena bila kumwambia wa kwanza, na nani kanunua simu isiyolingana na mshahara wake. Sukari nayo aliikataza, akisema ndiyo inayowamaliza Waafrika huku Uarabuni. Chai yake mwenyewe ilikuwa tamu hata nzi walikuwa wakija kwa foleni.

Kazi yake ilikuwa udereva. Alimwendesha kafili mmoja maisha yote ya mzee yule, na mzee alipofariki, ikama ya Mwenyekiti, kibali chake cha kuishi nchini, ikahamia kwa mtoto wa marehemu, mhandisi aliyekuwa akiishi Riyadh. Kazi yenyewe ilibaki ndogo: kumpeleka mjane, ambaye sote tulimwita madam, kutoka Al-Hamra hadi kwa dada yake na kumrudisha. Njiani walibishana. Yeye aliendesha polepole kama anapeleka mayai, na madam alikuwa na haraka ambayo hata mauti ya mumewe hayakuipunguza. Siku nyingine zote Mwenyekiti alikaa Ruwais, katika nyumba ya kale ya familia ile iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Yeye alipewa chumba cha juu, darini, na dari lote lililobaki, lililo wazi juani, aliligeuza shamba.

Alipanda choya. Kwa asiyeijua, ni ule mmea ambao vikombe vyake vyekundu hukaushwa, vikachemshwa, ukapata kinywaji kikali chekundu. Waarabu wanaiita karkade, na katika maduka ya Jeddah imejaa magunia kwa magunia. Mwenyekiti hakutaka kuisikia ya dukani. Alisema imechambuliwa na watu wasio na adabu. Yake aliipanda katika madumu ya plastiki aliyoyakata vichwa, akaimwagilia maji aliyotawadhia, na majira ya baridi yalipoingia ikampa mavuno.

Ua la choya likishaanguka hubaki kile kikombe chekundu, na tumboni mwake kuna kidonge cha kijani chenye mbegu, na chini kuna kikonyo. Vyote viwili sharti vitoke. Swali ni vitoke lini, kabla ya kuanika au baada, na swali hilo ndilo lililokula Ijumaa zetu nyingi kuliko siasa za Bara na Visiwani zikiwekwa pamoja.

"Mbichi!" alisema Mwenyekiti. "Choya huchambuliwa ingali mbichi. Ukiianika na mbegu yake tumboni, umemzika mtu na viatu vyake."

Alikuwa na kipande cha bomba alichokikata kwenye antena ya gari ya marehemu kafili. Alikata kikonyo kwa mkasi, akasukuma bomba kwa chini, kidonge kikaruka, kikombe kikabaki kizima. Alifanya hivyo kwa madaha, akitutazama usoni mmoja mmoja kuona kama tumevutiwa.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Mutheu, Mkamba wa Kitui, mfanyakazi wa ndani huko Al-Rawdah. Nyumba yake ilimpa Ijumaa ya mapumziko, bahati ambayo wenzake wengi waliisikia tu kwa masikio. Alifika darini na mandazi, akavua abaya, akakunja mikono ya blauzi.

"Aki Mwenyekiti, hiyo ni kujitesa bure," alisema. "Anika kwanza nzima nzima. Ikishakauka, ile mbegu inajitenga yenyewe. Unagonga tu hivi, inatoka. Kwani haraka ni ya nini?"

"Naomba utulivu."

"Mimi niko tu sawa. Naongea facts."

Mwenyekiti akaunda tume. Akajiteua kuwa mwenyekiti wa tume, na mimi, kwa kuwa nafanya kazi maabara ya hospitali, akaniteua mtaalamu. Nilimweleza kwamba mimi napima damu na choo. Akasema sayansi ni moja. Yakawekwa masinia mawili juani, moja la choya iliyochambuliwa mbichi na moja la choya nzima. Siku ya pili njiwa wakaja, wakapindua yote mawili, ikachanganyika isitambulike ipi ni ipi. Ijumaa iliyofuata Mwenyekiti akatangaza matokeo: mbichi imeshinda. Mutheu alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa kweli sote tulicheka, isipokuwa mshindi.

Siku moja ya kazi nilipita Ruwais bila kumwarifu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mbele yake kuna lundo la choya kavu, nzima, na anaigonga kama Mutheu alivyosema. Mbegu zinatoka kwa raha zake. Alinyanyua macho, akaniona, mikono ikasimama.

"Hii ni ya utafiti," akasema.

Sikumsema kwa mtu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na nadhani mkasi ulikuwa unamuumiza.

Choya yenyewe hakuiuza. Akisikia mtu kalazwa, alifika na chupa yake. Mtu akifiwa nyumbani naye hana ruhusa ya kusafiri, kisomo kilifanyika kule darini na jagi likazunguka. Aliyepata ikama mpya alipewa, aliyekosa alipewa zaidi. Kinywaji kilikuwa kichachu hata meno yanaitana, na yeye alikisifu kwa presha, figo, usingizi, uzazi na subira. Mimi mtu wa maabara nilikunywa nikanyamaza. Nilimpenda mzee yule, na mtu unayempenda humwambii kwamba figo haziendi hivyo.

Jambo moja alilizungumza bila ajenda. Mke aliyekuwa naye zamani alirudi Pemba na hakuja tena, mtoto hakupata. Ndugu waliobaki walimjua kwa sauti ya simu tu. Alitaka akifa azikwe Makka, asaliwe katika msikiti wa Haram, pale ambapo ni mwendo mfupi tu kutoka Jeddah. Hakutaka kingine chochote katika dunia hii.

"Wengine wanaiogopa huruj kwa njaa," aliniambia, na huruj ni ule muhuri wa kuondoka nchini moja kwa moja. "Mimi naiogopa kwa kaburi. Wakinirudisha kwetu, nimekaa huku maisha yangu yote kwa lipi?"

Sasa nieleze na tabia yake ya kuogopa jicho. Mtu aliyejitangaza mwenyekiti wa mji mzima, aliyesimama mbele ya kila harusi kutoa nasaha, alikuwa anaogopa husuda kuliko polisi. Shati jipya alilivaa kwanza usiku akalala nalo ili lionekane chakavu. Akiulizwa hali alisema "hivyo hivyo", hata siku aliyoshinda kesi ya pikipiki iliyomgonga. Na mavuno yake hakuwahi kumwonyesha mtu yote kwa pamoja. Ulionyeshwa kidogo, kilichobaki kilifunikwa taulo.

Mwaka ule choya ilizaa kupita kiasi. Furaha ikamshinda, akaamua kutangaza katika kundi letu la simu, ambalo aliliongoza kwa mkono wa chuma na maua ya asubuhi njema. Alitandika shuka kuukuu darini. Akaweka mkasi, mizani ya jikoni, na vifuko vya plastiki vilivyofungwa mafundo. Akapanga matawi aliyoyapunguza, majani yake mabichi kabisa. Kisha, kwa kuogopa jicho, lile lundo jekundu lote, ambalo ndilo lingeeleza kila kitu, akalifunika taulo. Akapiga picha. Chini yake akaandika: "Mavuno yamekomaa. Leo nachambua, kesho naanika. Anayetaka aje mwenyewe, simpi mtu kwa mkono wa mtu."

Jani la choya lina vidole vitano, virefu, vyenye meno pembeni. Nina hakika msomaji ameshalielewa.

Nilikuwa zamu hospitalini. Nilipofungua simu niliona kundi linamwagika. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Mwalimu wa madrasa ametoka. Mwinjilisti wetu, ambaye ibada zake alizifanya sebuleni kwa sauti ya chini, ametoka. Hakuna aliyeuliza wala aliyesalimia. Na kilichonishangaza hadi leo ni jinsi watu wale, wa swala tano na wa maombi ya kufunga, walivyolitambua jani la bangi kwa kutupa jicho mara moja tu. Mimi niliyekulia Tanga niliona choya. Niliandika upesi, "Jamani, hiyo ni choya!" Ujumbe ulisomwa na mtu mmoja, kwa sababu tulikuwa tumebaki wawili.

"Najua," Mwenyekiti akajibu.

Jioni Mutheu alinipigia, sauti ya chini. Madam wake wa Al-Rawdah alikuwa na desturi ya kuishika simu yake na kuipekua. "Kaka, mimi nimetoka juu ya mkataba," alisema. "Wanangu wako shule. Huyu mzee anataka tukatwe vichwa?" Nikamweleza. Akauliza, "Sasa red yote ameficha ya nini?" Nikamwambia kwa kuogopa jicho. Alitukana kwa Kikamba, kwa kirefu.

Wale waliotoka, kumbe, hawakutoka mikono mitupu. Kila mmoja aliitoa picha kwanza akamtumia rafiki yake kumwonya, na rafiki akamwonya rafiki. Picha ikatembea. Ikafika kwa dereva mmoja, dereva akamwonyesha bosi wake, na bosi wake alisoma na mhandisi. Siku ya pili yake mhandisi alipanda ndege kutoka Riyadh.

Mwenyekiti alinipigia asubuhi. "Njoo. Na uvae lile koti lako jeupe."

Nilikwenda na koti. Ruwais kote nilikutana na watu ninaowajua ambao ghafla walikuwa wanasoma mabango ya maduka. Darini nilimkuta mhandisi, kijana mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri na uso wa mtu asiyelala, na mbele yake Mwenyekiti amesimama wima, kofia kichwani, amevaa shati lake chakavu lililo jipya. Madumu ya choya yamewazunguka.

"Ng'oa yote," mhandisi alikuwa akisema kwa Kiarabu. "Sasa hivi, kabla mtu hajaita polisi. Kisha nakukatia huruj. Halas. Kwa ajili ya baba yangu sikufungi, lakini hapa hukai."

"Sing'oi."

"Unajua wanafanya nini kwa mtu wa kitu hiki?"

"Nikiing'oa nimekiri. Na mimi sina la kukiri." Akanionyesha kwa kidole. "Huyu ni daktari. Muulize."

Mhandisi akanigeukia. Kiarabu changu ni cha kuombea sindano na kulalamikia zamu. Nikasema, "Karkade. Wallahi karkade." Akalitazama lile jani, akanitazama mimi na koti langu, na nikaona wazi kwamba sasa ananihesabu na mimi katika genge. Ikama yangu ilikuwa mfukoni, nikaishika kwa juu ya nguo.

Mwenyekiti midomo ilikuwa imemkauka. Nilimjua, nikajua haoni jela wala ndege. Anaona shimo la mchanga huko Pemba, mbali na Makka, amezungukwa na watu wanaomjua kwa simu.

"Mwenyekiti," nikamwambia kwa Kiswahili, "ondoa taulo."

"Kwa macho haya yote?"

"Macho gani? Tuko watatu!"

Akasita. Naapa, mtu yule alisita. Kati ya huruj na kijicho alikuwa bado anapima. Wakati huo huo fimbo ikasikika ngazini, na pumzi za mtu mzito, na madam akatokea darini, bibi wa watu, akimlaani mwanawe kwa kila ngazi aliyopanda. Alikuwa ameletwa na teksi, jambo alilolihesabu kama dhuluma ya pili baada ya kutaka kunyang'anywa dereva wake. Hakuuliza kitu. Alivuta hewa puani, akaenda moja kwa moja kwenye shuka, akalinyakua taulo kwa ncha ya fimbo.

Likatokea lundo jekundu, jekundu la kuumiza macho.

"Karkade, ewe punda," akamwambia mwanawe mhandisi. "Umeinywa tumboni mwangu."

Mhandisi akawa mwekundu kuliko lundo. Mwenyekiti akashusha pumzi, akaanza kuweka sawa kofia yake, na nikaona hotuba inampanda kooni. Lakini madam alikuwa hajamaliza. Aliinama, akachukua vikombe viwili vitatu, akavigeuza.

"Na wewe," akasema. "Nani kakufundisha kuitoboa mbichi? Maji yake yote yamekwenda. Sisi tunaianika nzima, ikikauka ndiyo tunaichambua. Miaka yote hii unakunywa hii takataka?"

Kumwona Mwenyekiti wakati ule ilikuwa huzuni. Tishio la huruj alikuwa amelipokea wima. Hili lilimkalisha kwenye kigoda.

Mambo yangeishia hapo kama mhandisi angekuwa na uwezo wa kusema samahani. Hakuwa nao. Mtu aliyepanda ndege kwa ajili ya majani ya chai ni lazima arudi na kitu, basi akatangaza kwamba mzee hawezi kuachwa peke yake darini, ni hatari, ahamie Riyadh akae naye nyumbani, alinde geti. Alisema ni heshima. Madam alipinga kwa sababu ya dada yake, akaahidiwa dereva kijana mwenye mwendo. Akakubali upesi mno. Mwenyekiti akaondoka Jeddah, na waliokuja kumuaga ni mimi na Mutheu. Wengine walituma salamu, kwa sauti, kupitia kwangu, wasije wakaacha maandishi.

Baadaye hospitali yetu ikafungua tawi Riyadh, nikahamishwa. Nilichelewa kumtafuta, kazi na mji mgeni, na nilipompata ilikuwa baridi ya Riyadh ile kavu inayopasua midomo. Chumba chake kilikuwa kando ya geti, kisafi, chenye hita. Mhandisi hamtesi, nasema hilo na nalirudia. Watoto wa nyumba ile wanamwita babu na kumpigia saluti. Mimea hakuwa nayo. Alijaribu, baridi ikaiua.

Nikamwangalia miguu. Ilikuwa imevimba, na pumzi zake zilikuwa fupi. Nilitaka kumuuliza dawa anazokunywa, akaniwahi.

"Nimemwambia mhandisi, nikifa nisizikwe hapa. Nipelekwe Makka. Kasema inshallah." Akatabasamu kidogo. "Ni mtu wa shughuli nyingi."

Yeye akatoa simu, akaivalia miwani, akanipa. Kundi lilikuwa limefufuka. Wote wamo: mwalimu wa madrasa, mwinjilisti, Mutheu, wale wa kusoma mabango. Amewatafuta mmoja mmoja akawarudisha, na juu kabisa ameandika maelekezo: akifariki nani ampigie mhandisi, nani aende ofisini kwa karatasi za maiti, nani atafute gari la kwenda Makka. Kila jina limepewa kazi. Wote wamejibu sawa Mwenyekiti.

"Hawa si ndio waliokukimbia?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye.

"Ndio hao hao. Ninao wengine?"

Nikamwambia asihangaike, nchi hii jeneza halikosi wabebaji. Hata asiyejulikana, msikiti mzima humkimbilia kwa kutaka thawabu.

"Najua," akasema. "Wageni watanibeba, Mungu awalipe." Akachukua simu yake, akafuta kioo kwa ukingo wa kanzu. "Lakini mimi nataka nibebwe na hawa. Tangu Haram mpaka kaburini, na bila kupokezana."